Mtoto asiyehesabiwa: riwaya ya Gurnah na vita vilivyopita milangoni kwetu

Jina la Abdulrazak Gurnah wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza Oktoba 2021, redio zote zilipotangaza kwamba Mzanzibari ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tulifurahi, tukapongezana, na baada ya wiki mbili habari ikapoa. Vitabu vyenyewe wengi hatujavisoma. Sababu zinajulikana. Viliandikwa kwa Kiingereza, bei yake si ya kila mtu, na ukitoka Akheri kwenda kutafuta kitabu cha hadithi cha watu wazima, safari inaweza kukufikisha mjini Arusha na bado ukarudi mikono mitupu.

Kwa hiyo leo tunaeleza riwaya yake moja, ambayo kwa maoni yangu inatuhusu sana sisi wa kuzunguka Mlima Meru ingawa hadithi yenyewe inatokea pwani. Inaitwa Afterlives, na ilitoka mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya Nobel. Jina hilo kwa Kiswahili cha kawaida ni kama kusema "maisha yanayofuata", yaani maisha ambayo watu huyaishi baada ya jambo kubwa kuwapiga na kupita.

Ndani yake yupo mtoto anayeitwa Afiya, msichana ambaye hakuna aliyemhesabu. Tutaeleza yeye ni nani, vita vilivyomzunguka vilikuwa vita gani, vilifikaje mpaka huku kwetu, na kwa nini habari zake zinatufaa leo katika nyumba zetu.

Mwandishi ni nani?

Gurnah alizaliwa Zanzibar Desemba 1948. Baada ya Mapinduzi ya 1964 maisha yalikuwa magumu kwa familia nyingi, na akiwa kijana asiyefika miaka 20 aliondoka kwenda Uingereza. Huko alisoma, akawa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent hadi alipostaafu. Anaandika kwa Kiingereza, lakini watu wake ni watu wa kwetu: makarani, wenye maduka, wapagazi, mabibi wa nyumba za Kiswahili, vijana waliowekwa rehani kwa sababu ya madeni ya baba zao.

Riwaya yake iliyomtambulisha ni Paradise ya mwaka 1994. Hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi, na ilichapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Nalitaja hili mapema kwa sababu asiyesoma Kiingereza anaweza kuanzia hapo. Peponi inaishia pale Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia inapobisha hodi. Afterlives inatuingiza vitani na kututoa upande wa pili.

Afiya ni mtoto gani?

Hadithi inaanzia katika mji wa pwani ambao mwandishi hautaji jina, wakati wa utawala wa Wajerumani, miaka ile ya vita vya Maji Maji kumalizika. Katika mji huo kuna karani mmoja, Khalifa, baba yake Mhindi na mama yake Mwafrika. Ni mtu wa maneno mengi, mpenda umbea wa barazani, lakini moyo wake ni mzuri. Mke wake ni Bi Asha, mwanamke wa dini, mkali, mwenye uchungu wa kutopata mtoto na wa nyumba ya familia yao iliyochukuliwa kwa deni.

Siku moja anafika kijana anayeitwa Ilyas. Anajua kusoma, anajua Kijerumani, ana barua ya kazi mkononi. Alitoroka nyumbani akiwa mdogo, akachukuliwa na askari wa Wajerumani, baadaye akasomeshwa shule ya misheni. Khalifa anamuuliza: je, wazazi wako wapo? Ilyas hajui. Hajarudi tangu siku aliyoondoka. Khalifa anamsukuma aende kuwatafuta.

Anakwenda kijijini na kukuta baba na mama wamekwisha kufariki. Anakuta pia kitu asichokijua: ana dada. Alizaliwa baada ya yeye kuondoka. Yupo kwa mwanamume anayemwita mjomba na mkewe, analala sakafuni, anafagia, anachota maji, anatumwa kila mahali. Ana umri wa miaka kama 10. Hakuna anayemchukia hasa katika nyumba ile. Yupo tu, kama ndoo au kinu. Akitakiwa anaitwa, na asipotakiwa hakuna anayejua yuko wapi.

Huyo ndiye Afiya.

Ilyas anamchukua na kwenda naye mjini. Kwa mara ya kwanza mtoto analala kitandani, anacheza na wasichana wenzake, anasikia jina lake likiitwa bila kufuatiwa na amri. Na kaka yake anamfundisha kusoma na kuandika. Mwaka unapita hivyo, mwaka wa raha.

Kisha uvumi wa vita unaenea. Ilyas, ambaye anawaona Wajerumani kuwa waungwana kwa sababu walimtendea wema yeye binafsi, anajiandikisha askari. Khalifa anashangaa: vita vya watu wengine, unavitafutia nini? Ilyas hasikii. Anamrudisha dada yake kwa wale waliokuwa wakimlea, kisha anakwenda zake.

Kalamu na fimbo

Sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya nitake kuandika makala hii.

Afiya amerudi sakafuni. Kazi zilezile, nyumba ileile. Tofauti ni moja tu: sasa anajua kuandika. Anajaribu kuificha, lakini siri ya namna hiyo haikai. Mwenye nyumba anapogundua anapandwa na hasira. Msichana na kuandika wapi na wapi? Kwa mawazo yake, binti anayejua kuandika atawaandikia wanaume. Anachukua fimbo na kumpiga mpaka mkono wake unavunjika. Tena anaupiga mkono kwa makusudi, kwa sababu mkono ndio unaoshika kalamu.

Sasa tazama kinachofuata. Mtoto huyu, mwenye mkono ulioumizwa, anaandika maneno machache kwenye karatasi. Anamweleza Khalifa kwamba ameumizwa na anaomba msaada. Karatasi hiyo inapitia kwa mwenye duka hadi inamfikia karani kule mjini. Khalifa hakai kikao, hasemi "hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu". Anafunga safari, anamchukua mtoto, anamleta kwake na kwa Bi Asha.

Kitu kilichomponza ndicho kilichomwokoa. Mwandishi halisemi hilo kwa kelele. Analiweka tu mbele yetu na kuendelea na hadithi.

Kwa Bi Asha maisha si asali. Mama huyo anamfundisha Kurani na kumlisha, lakini ukali wake unazidi kadiri Afiya anavyoota kuwa mwanamwali. Afiya anajifunza kupima upepo: lini anyamaze, lini ajibu, lini acheke na Khalifa ukumbini. Wakati huohuo vita vinapita, meli za Waingereza zinaziba bandari, chakula kinaadimika, biashara inalala. Na kaka yake haleti barua. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kimya.

Ilikuwaje Wazungu wapigane kwetu?

Hapa tuiache riwaya kidogo tueleze historia, maana bila hiyo kitabu hakieleweki.

Mwaka 1914 nchi yetu ilikuwa koloni la Ujerumani. Kenya ilikuwa ya Waingereza. Vita vilipoanza Ulaya mwezi Agosti, majirani hawa wawili walijikuta maadui, na mpaka wao ulipita hapa Kaskazini. Mapema Novemba 1914 Waingereza walishambulia Tanga kutoka baharini wakashindwa. Siku zilezile kulikuwa na mapigano Longido, mwendo mfupi tu kwa gari la leo kutoka Arusha. Machi 1916 majeshi ya upande wa Waingereza yalishuka kwa nguvu, yakateka Moshi na Arusha, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini.

Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nia ya kushinda vita hapa. Alitaka kuwashughulisha Waingereza ili wanajeshi wao wasiende Ulaya. Kwa hiyo alikuwa anapigana na kukimbia, kupigana na kukimbia, kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, hadi Msumbiji, hadi Zambia ya leo. Alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Huko kwao alipokelewa shujaa. Gharama ya ushujaa huo ililipwa na watu wa hapa.

Elewa jambo hili moja na mengine yote yatakaa sawa: mizigo ilibebwa vichwani. Reli ya Tanga ilikuwa inaishia Moshi, na ya kati ilikuwa ndiyo kwanza imefika Kigoma. Nje ya reli hakukuwa na barabara za magari za maana. Punda, farasi na maksai walikufa kwa ndorobo. Kwa hiyo risasi, mahindi, dawa, mahema, hata pombe za maofisa, vyote vilibebwa na watu, kila mmoja kilo kama 25 hadi 30, siku baada ya siku, kwenye mvua na matope. Waingereza peke yao, kwa miaka yote ya vita, walichukua wapagazi wanaokaribia milioni moja. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa ni laki moja hivi au zaidi, wengi wao kwa kuhara, malaria na kukosa chakula kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Sasa fuata mnyororo. Mwanamume mwenye nguvu akichukuliwa, shamba linabaki na mama na watoto. Wanalima kidogo. Wanachovuna kinachukuliwa na jeshi linalopita, la upande huu au la upande ule, maana majeshi yote mawili yalikula kwa wenyeji. Mbuzi wanachukuliwa. Mbegu zinaliwa. Mvua ikikosekana mwaka huo, njaa inaua. Ugogo njaa ya miaka hiyo inakumbukwa mpaka leo kwa jina la Mtunya. Kisha, mwishoni mwa 1918, watu wakiwa wamedhoofika hivyo, ikaja homa ya mafua makali iliyozunguka dunia nzima, ikakuta miili isiyo na akiba.

Katika mnyororo huo mtoto ndiye wa mwisho. Hahesabiwi katika orodha ya wanajeshi, hayumo katika orodha ya wapagazi, hayumo katika mishahara. Ukisoma vitabu vya majenerali utakuta namba za bunduki na majina ya mito. Mtoto aliyebaki kijijini na bibi yake huwezi kumkuta. Nafasi hiyo ndiyo Gurnah aliyoijaza na Afiya.

Alama zilizobaki kwetu

Akheri haikuhitaji kungoja 1914 ili kuwajua Wajerumani. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa hapa Akheri walipokuwa wanaanza kujenga kituo. Kulipiza kisasi, jeshi la Wajerumani lilikuja kuwapiga Wameru na Waarusha: nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, ng'ombe walichukuliwa. Mwaka 1902 misheni ikafunguliwa Nkoaranga, na huko vijana wakaanza kujifunza kusoma. Lile boma la Arusha, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa na Wajerumani kuelekea mwaka 1900, na wenyeji ndio waliobeba mawe yake.

Kwa hiyo yale mambo mawili yaliyomo katika riwaya, Mjerumani wa bunduki na Mjerumani wa shule, babu zetu wa Meru waliyaona yote mawili, wakati mwingine katika kizazi kimoja. Ilyas aliona la pili akasahau la kwanza. Ukisoma kitabu utamkasirikia, lakini ukifikiria utakubali kwamba mtoto aliyesomeshwa na mtu ni vigumu kumwona mtu huyo kuwa adui.

Na wala vita havikuishia hapo. Shuka chini mpaka Tengeru. Kuanzia 1942, katika Vita vya Pili, palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland, watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu na serikali ya Kisovieti kutoka kwao mwaka 1940 na 1941, wakapelekwa kwenye baridi ya Siberia na Kazakhstan, wakapoteza ndugu njiani, wakapitia Uajemi, kisha bahari, mpaka wakajikuta chini ya Mlima Meru. Miongoni mwao walikuwemo watoto wasio na baba wala mama. Walijengewa vibanda vya duara, wakawa na shule, kanisa na mashamba. Makaburi yao, karibu 150, yapo Tengeru mpaka leo na yanatunzwa.

Nayataja hayo kwa sababu watu wengi wanaokwenda sokoni Tengeru Jumatano na Jumamosi wanapita karibu na makaburi hayo bila kujua. Mtoto wa vita hana kabila moja wala rangi moja. Tofauti ni kwamba watoto wa Kipolandi waliandikiwa majina kwenye mawe. Watoto wa Kiafrika waliokufa njaa mwaka 1917 hawana jiwe.

Mtoto mwingine, wa kweli

Msikilizaji anaweza kuuliza: haya ya kwenye riwaya yanaweza kutokea kweli? Nitampa mfano mmoja.

Tarehe 22 Februari 1904 alizaliwa Dar es Salaam mtoto aliyeitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vilipoanza alikuwa na miaka 10, na akaingia jeshini pamoja na baba yake. Soma tena umri huo: miaka 10. Baba hakurudi. Mtoto alijeruhiwa, akatekwa, akapona. Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara yake na ya baba yake ambayo jeshi halikuwa limelipa. Hakulipwa. Alibaki huko akitumia jina la Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya uhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili kwa wanafunzi wa chuo, akaigiza katika filamu. Mwaka 1941 utawala wa Hitler ulimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mzungu. Alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Huyo hakutungwa na mtu. Na mwisho wa riwaya ya Gurnah, ambao sitausimulia ili nisikuharibie utamu, unakwenda karibu sana na njia hiyo.

Nguvu ya Afiya iko wapi?

Tukisema mtoto "alikuwa imara", mara nyingi tunafikiria aliyepigana, aliyetoroka, aliyerudi tajiri akawaaibisha waliomtesa. Afiya hafanyi lolote kati ya hayo. Nguvu yake ni ya aina nyingine, na nadhani ndiyo aina tunayoijua zaidi vijijini.

Kwanza, anashika kile alichopewa. Mwaka mmoja tu wa kufundishwa na kaka yake, na hakuupoteza. Mkono umevunjwa lakini herufi zimebaki kichwani.

Pili, anaomba msaada. Hili tunalidharau. Mtoto aliyezoea kupuuzwa huamini kwamba hakuna atakayemsikia, na kuamini kwamba yupo mtu mmoja mahali fulani atakayeitikia kunahitaji moyo.

Tatu, hageuki kuwa kama waliomtesa. Baada ya vita anakuja kijana anayeitwa Hamza, naye alikuwa askari wa Wajerumani, amerudi akichechemea kwa jeraha la upanga wa Mjerumani aliyekuwa upande wake mwenyewe. Hana kitu, hana kwao, ana ndoto mbaya usiku. Anapata kazi kwa mfanyabiashara wa mji, na Khalifa anampa pa kulala. Afiya anamwona. Anampenda. Na njia wanayoanza kusemezana ni karatasi: Hamza anamtafsiria kwa Kiswahili mistari ya shairi la Kijerumani alilojifunza jeshini, anamwandikia na kumpa. Fikiria safari ya kalamu katika maisha ya msichana huyu. Ilimvunjia mkono, ikamtoa utumwani, na sasa inamletea mume aliyemchagua mwenyewe.

Wanaoana. Wanapata mtoto wa kiume, wanampa jina la Ilyas, yule mjomba asiyerudi. Maisha hayawi mepesi, lakini ni yao.

Wapo wanaosema Gurnah anasikitisha mno, kwamba watu wake wanavumilia badala ya kupigana. Mimi naona tofauti. Baada ya mvua kubwa tunahesabu miti iliyoanguka. Yeye anahesabu iliyobaki imesimama, na anatuonyesha ilishikilia kwa mizizi gani.

Linatuhusu nini leo?

Vita vile vimepita zaidi ya miaka 100. Lakini mtoto anayelala sakafuni bado yupo. Yupo kwa shangazi mjini, kaletwa "asaidie kazi ndogondogo huku akisoma", na kusoma kwenyewe hakuji. Yupo kwa babu baada ya wazazi kufariki. Yupo kwa mama wa kambo. Si kila anayelea mtoto wa ndugu anamtesa. Wengi wanalea kwa mapenzi na kwa shida kubwa, na wanastahili shukrani. Lakini wahenga walisema yatima hadeki, na walisema hivyo kwa sababu walimwona.

Riwaya hii inatuachia maswali matatu ya kujiuliza jioni.

Je, katika nyumba yetu yuko mtoto ambaye jina lake linaitwa tu wakati wa kazi? Lihesabu siku moja. Sikiliza ni mara ngapi ameitwa kuulizwa habari zake.

Je, binti wa nyumba hii ameachwa ajue kusoma mpaka mwisho, au tumemwambia inatosha? Yule mwenye nyumba wa riwaya alitumia fimbo. Siku hizi tunaweza kutumia maneno laini na matokeo yakawa yaleyale.

Je, mimi ni Khalifa wa nani? Mtoto wa jirani akinijia na neno, nitafunga safari au nitasema si yangu?

Kwa upande wa sheria, Tanzania inayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayompa kila mtoto haki ya kutunzwa, kusoma na kutopigwa kwa ukatili, awe anaishi na wazazi au na ndugu. Ukiona mtoto anaumizwa, unaweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji au kata, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Ipo pia namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kupiga ni bure. Hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Karatasi ya Afiya ilipita kwa mwenye duka. Siku hizi simu iko mfukoni.

Kabla ya kufunga

Jambo la mwisho ni la wazee wetu. Waliobeba mizigo ya vita vile wote wamekwisha kuondoka. Watoto wao wachache sana wamebaki, nao wana umri mkubwa. Lakini wajukuu wapo, na wengine wamesikia kwa masikio yao bibi akisimulia mwaka ambao baba yake alichukuliwa, walikula nini, nani alikufa, nani alilelewa na nani. Hizo ni habari za kina Afiya wa Meru, na hazijaandikwa.

Jumapili baada ya ibada, au jioni mnapomenya ndizi, muulize mzee mmoja: ulipokuwa mdogo, nani alikuambia habari za vita vya Mjerumani, na alisemaje? Rekodi kwa simu, hata dakika tano. Andika majina. Usingoje mtu wa chuo kikuu aje kukuuliza.

Afiya alipona kwa sababu mtu mmoja alimfundisha kuandika na mwingine alisoma alichoandika. Hizo ni kazi mbili, na zote mbili ziko ndani ya uwezo wetu.